Barabara pana, au nafasi ya miguu?



Mkutano wetu wa juma lililopita ulikawia mpaka jua likazama, na sababu haikuwa mchango wala sabuni. Ilikuwa barabara. Tulikaa kupanga salongo ya kutengeneza kipande kinachopita katikati ya senta yetu hapa Kibabi, mbele ya soko na shule, maana mvua imekiharibu tena. Karibu wote tulikuwa na neno moja: kipanuliwe. Barabara ikiwa pana, kamio mbili zitapishana bila kugusana, wamotari hawatapita juu ya viazi vyetu, watoto watapata pa kukwepea. Tulikuwa tayari kufunga mkutano kwa sala. Ndipo mwenzetu mmoja akainua mkono na kusema, "Mimi naomba hapo sokoni barabara ipunguzwe upana."

Tulicheka, tunakiri. Sisi watu wa Masisi tumelilia barabara tangu wakati wa bibi zetu, na leo mtu anaomba ipunguzwe!

Lakini kuna mama mmoja ambaye hakucheka. Alisimama akamwambia, "Dada yangu, mtoto wangu alivunjika mguu kule Goma sababu hakukuwa na nafasi. Ulikuwepo, uliona. Sasa unataka nafasi ipungue tena?"

"Nilikuwepo, mama," yule mwingine akajibu. "Na ni sababu ya kile nilichoona ndiyo maana nasema hivi."

Waliona ajali moja, kwa macho yao, wakatoka nayo na mawazo mawili. Hatukupiga kura. Tulikubaliana tuulize kwanza, tusome, tufikiri, kisha tuandike hapa ili kila familia ipate kuzungumza nyumbani kabla ya salongo.

Ajali ya barabara ya Sake

Wengi wetu tulijifunza barabara ya lami bila kupenda. Vita vilipotusukuma kushuka Sake, kisha Goma, tulijikuta katika kambi za pembeni ya jiji, Bulengo, Lushagala na kwingine, tukiishi karibu na barabara ile inayotoka Goma kwenda Sake. Watoto wetu walikuwa watoto wa milimani. Huku kwetu kamio inasikika ikiwa bado ng'ambo ya bonde. Inalia kwenye kilima, inanyamaza kwenye kona, inalia tena, na mtoto anaondoka njiani bila hata kuacha mchezo wake. Kwenye lami mambo ni mengine. Gari linafika pamoja na sauti yake, na wakati mwingine kabla yake.

Msichana huyo alikuwa na miaka saba. Alitumwa kununua makala upande wa pili wa barabara, na tunataka mlisikie hili vizuri: alikuwa ameshavuka. Alikuwa amesimama pembeni, juu ya mchanga mweusi wa volkano, anapanga kifuko cha makala kichwani. Basi dogo lilikuwa linakwenda polepole likitafuta abiria. Motari aliyekuwa nyuma ya basi hakutaka kungoja. Aliona pembeni kuko wazi, akapita huko.

Mama wa mtoto anasema: barabara ilikuwa imejaa, kama ingekuwa pana motari angepita katikati na mwanangu angekuwa mzima. Yule mwenzetu aliyekuwa anauza sombe hatua chache kutoka hapo anasema: nafasi ilikuwepo, tena ilikuwa ya mtoto, lakini hakukuwa na kitu cha kumzuia motari asiichukue. Angepanuliwa mita mbili nyingine, angepita kwenye mita hizo mbili kwa mwendo mkubwa zaidi.

Mguu ulipona, ila haukunyooka sawa. Mtoto anakwenda shule. Kwenye kilima anabaki nyuma ya wenzake.

Mguu wa shofere unafuata jicho lake

Tulizungumza na mashofere wawili wanaobeba maharagi na jibini kushuka Goma, na tuliwauliza swali moja: nani anakuambia mwendo wa kwenda? Wa kwanza alijibu kama mtu anayejibu polisi, kwamba anafuata sheria. Wa pili alicheka, akasema barabara yenyewe ndiyo inamwambia. Ikiwa imenyooka, pana, hakuna kitu karibu na kioo, mguu unakanyaga wenyewe. Akiingia mahali ambapo ukuta, miti au mawe viko karibu na tairi, mguu unainuka, hata kama hakuna kibao chochote.

Shofere huyo hakusoma uinjinia, lakini mainjinia wamefika pale pale kwa kupima. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani walitoa utafiti juu ya vipande 1,117 vya barabara katika miji saba. Walitazama upana wa ile sehemu ambayo gari moja linapita, kati ya mstari na mstari. Sehemu nyingine zilikuwa na futi 9, yaani karibu mita 2.75. Nyingine zilikuwa na futi 12, karibu mita 3.65. Kwenye barabara ambazo mwendo unaoruhusiwa ni kama kilomita 50 kwa saa, zile njia pana zilikuwa na ajali nyingi zaidi, mara moja na nusu hivi ukilinganisha na zile nyembamba. Na kwenye barabara za mwendo mdogo kabisa, kilomita 30 au 40 hivi, hawakuona tofauti, maana huko watu tayari wanakwenda taratibu.

Kwa miaka mingi mainjinia waliamini kinyume. Walisema shofere anaweza kukosea, basi tumpe nafasi ya kukosea. Lakini shofere aliyepewa nafasi hakuitumia kwa kujilinda, aliitumia kwa kukimbia. Ni kama mtoto unayempa sukari ya juma zima siku ya kwanza.

Mwendo ndiyo shida yenyewe, tusijidanganye. Fanyeni hesabu hii pamoja na watoto wa sekondari, ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linapita mita 8 katika sekunde moja. Shofere akiona mtoto, sekunde hiyo moja inaisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Kisha breki nzuri, juu ya lami kavu, inahitaji mita 5 hivi. Jumla mita 13, gari limesimama. Sasa chukueni gari la kilomita 50. Sekunde ile moja peke yake ni mita 14. Maana yake, mahali ambapo shofere wa kwanza amekwisha simama na anamgombeza mtoto, shofere wa pili bado hajagusa breki. Mtoto anapigwa na mwendo wote, mzima kama ulivyo. Na hapo tumesema breki nzuri. Breki za kamio zetu tunazijua.

Shirika la Afya Duniani linasema kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Ripoti yake ya 2023 inahesabu watu karibu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka, na inasema ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Afrika tuna kama asilimia 3 tu ya magari ya dunia, lakini tunazika karibu asilimia 19 ya wafu hao. Tusome sentensi hiyo mara mbili. Si wingi wa magari unaotuua.

Majirani wamefanya nini

Mtu atasema Marekani si Goma, na ni kweli. Tutazame karibu.

Nairobi walijenga barabara ya Thika, wakaimaliza Novemba 2012. Njia nane za magari, nne kwenda na nne kurudi, mbali na zile ndogo za pembeni. Kila mtu aliisifu, na kwa mwenye gari ni raha kweli. Lakini watu wa miguu walikuwa wanaishi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili. Walijengewa madaraja ya kupita juu, na bado wengi waliendelea kukimbia chini, katikati ya magari, na kufa huko. Mtu wa jiji kubwa atawaita wajinga. Sisi tunaobeba kiloba cha viazi mgongoni na mtoto kifuani tunaelewa kwa nini mtu anakwepa ngazi.

Miaka saba baadaye, jiji hilo hilo lilifanya jambo la kinyume katika barabara moja ndogo ya katikati, Luthuli Avenue, ile yenye maduka ya redio na simu. Mwaka 2019 magari yalipunguziwa nafasi, yakaachiwa kwenda upande mmoja tu, na sehemu iliyobaki wakapewa watu wa miguu, pamoja na miti na mahali pa kukaa. Wenye maduka wengine waliogopa kwamba wateja watapotea gari lisipoweza kusimama mlangoni. Lakini fikirini ninyi wenyewe, mteja wa redio anakuja na nini, gari au miguu?

Kigali, ng'ambo ya mpaka, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 walifunga kabisa barabara moja ya katikati ya mji, magari yakaondoka, watu wakabaki. Wamama wetu wanaovuka kwenda kuuza Gisenyi wanajua jinsi polisi wa kule asivyotania na motari. Hilo nalo lina nguvu yake. Ila polisi anachoka na usiku analala, jiwe halilali.

Habari iliyotugusa zaidi inatoka Dar es Salaam. Shirika moja linaloitwa Amend lilianza huko mpango wa kulinda watoto karibu na shule za msingi. Hawakuanza na mashine. Waliuliza kwanza watoto wangapi wa shule fulani wameumia, wapi, saa ngapi, wakitoka wapi. Walitembea na watoto njia zao. Kisha walijenga vitu vidogo: njia ya miguu iliyotengwa na magari, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande pembeni, dodani mbele ya shule, mistari ya kuvukia, vibao, na pengine lango la shule likahamishiwa upande usio na magari mengi. Walipolinganisha shule zilizotengenezewa na zile ambazo bado, waliona majeraha ya watoto yamepungua kwa kama robo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata zawadi ya dunia nzima ya kazi za miji, inayotolewa na taasisi ya WRI, na miji mingine ya Afrika imeufuata. Nguzo na dodani. Hakuna kitu hapo ambacho fundi wetu wa kujenga mawe hawezi.

Goma, barabara imebanwa na miili yetu

Sasa turudi tunakojua. Anayesema Goma hakuna barabara nyembamba hajapita Birere saa kumi jioni, wala Ndosho siku ya soko. Barabara ilijengwa kwa magari mawili kupishana, lakini saa hiyo gari moja linapenya kwa shida. Limebanwa na nini? Limebanwa na sisi. Mama na beseni la ndizi, mama na sombe, kijana wa kadi za simu, chukudu iliyobeba mbao, wamotari kumi wanaogombania abiria mmoja. Mwendo unashuka kweli, ni lazima ushuke. Ila kinachomzuia shofere hapo si jiwe, ni mgongo wa mama. Siku breki ikikatika kwenye mteremko, tunasikia habari yake redioni.

Hapa ndipo tunafikiri wale wamama wawili walikuwa wanasema kitu kimoja bila kujua. Barabara kupunguzwa na watu ni kifo. Barabara kupunguzwa kwa ajili ya watu ni jambo lingine, na tofauti ni kitu kigumu kilichosimama katikati, kati ya tairi na mguu. Rangi peke yake haitoshi. Johns Hopkins walipima miji ambako mstari mweupe unaheshimiwa. Kwetu mstari, pale ulipo, motari anauona kama pambo la Noeli. Mahali pa miguu pasipolindwa ni pa mwenye injini, na mtoto yule wa makala aliumia mahali hasa pa miguu pasipolindwa.

Na mawe, ndugu zetu, Goma imekosa mawe? Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya jiji, na tangu siku hiyo watu wanavunja mawe meusi kujenga kuta za nyumba, msingi wa kanisa, uzio wa matajiri. Mlima ulirudia tena Mei 2021. Mawe yale yale yakipangwa mstari mmoja kando ya lami, kimo cha goti, yenye mianya ya kupitisha mtu na beseni lakini si pikipiki, motari hana pa kupitia. Tumeona wenye hoteli na wenye maduka makubwa wakipanga mawe hivyo mbele ya milango yao ili magari yasiegeshe. Kwa hiyo ujuzi upo. Umelinda vioo, bado haujalinda watoto.

Kuna ndugu zetu wa chukudu ambao mara nyingi wanasahauliwa katika mipango ya barabara. Goma imewajengea sanamu ya kung'aa kwenye mzunguko unaobeba jina lao, Rond-point Chukudu, lakini haikuwajengea mahali pa kupita. Chukudu iliyobeba viloba vya viazi kutoka huku juu haina breki ya kutegemea, ni kipande cha raba na mguu wa mwenyewe. Ikiteremka inahitaji nafasi yake, mbali na mtoto na mbali na kamio pia. Ukipanga mawe bila kuwafikiria, utawasukuma katikati ya magari. Tunasema hivi sababu mmoja wao alitukuta tukihesabu hatua sokoni, akauliza, "Na mimi, wamama, mmeniweka wapi?" Hatukuwa na jibu siku hiyo. Tunaona sasa kwamba njia ya pembeni lazima itoshe chukudu moja na mtu mmoja wakipishana. Tukipima kwa chukudu iliyobeba mbao, basi, mita mbili na nusu ndiyo heri.

Je, kamio zitapita?

Hilo ndilo swali ambalo wababa walituuliza wote, kila mmoja akidhani ni wa kwanza kuliuliza. Kamio, hata Fuso kubwa, ina upana wa mita 2.5 hivi, bila vioo. Kitabu cha kimataifa cha kupanga barabara za miji, kilichotolewa 2016, kinasema mita 3 zinatosha kwa gari moja mjini, na pale mabasi na kamio zinapita kila mara, 3.3. Kwa hiyo barabara ya pande mbili yenye mita 6 au 6 na nusu inapitisha kila kitu kinachofika Kibabi, pamoja na gari la wagonjwa. Ila zitapishana polepole, shofere akitoa kichwa dirishani na kumsalimia mwenzake. Hicho ndicho tunachotaka.

Lakini tusichanganye mambo. Haya yote ni ya mahali watu wanapoishi: soko, shule, kituo cha afya, kanisa. Barabara ya mlimani ni habari nyingine kabisa. Pale juu ya Mushaki, au kwenye zile kona ambako upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande mwingine ni bonde, wembamba ndio unaoua. Kamio mbili zikikutana, moja inarudi nyuma katika matope, na abiria wote wanashuka wakisali. Huko tunaomba upana, tunaomba mahali pa kupishania, tunaomba mifereji. Mtu asichukue ukurasa huu na kwenda kumwambia injinia kwamba wamama wa Kibabi wamekataa barabara pana. Wamama wa Kibabi wanaomba upana milimani na wembamba sokoni. Na kwa kweli mpaka sasa tumepewa kinyume chake: kona ya kutisha inabaki nyembamba, halafu katikati ya senta, pale penye tambarare, kila mwenye jembe anapapanua.

Hata sisi tuna kosa. Tulipima senta yetu siku ya posho, asubuhi kabla watu hawajajaa. Mbele ya soko, kutoka mfereji mpaka mfereji, ni hatua 14 za mama wa kimo cha kawaida, mita 10 hivi. Kuna mtu alipanua hapo zamani kwa nia njema. Na ni hapo hapo wamotari wanashindania, siku za soko, wakitoka kwenye mteremko. Mbele ya shule ni hatua 11. Kwenye daraja la miti, ambako hakuna anayekimbia, ni hatua 5. Katika kumbukumbu zetu, na tuliwauliza wazee pia, hakuna mtu aliyegongwa kwenye daraja.

Hatua 14 zikigawanywa vizuri, kuna nafasi ya kila mtu. Magari yachukue mita 6. Zinabaki kama 4. Zikiwekwa zote upande wa soko, zinatosha chukudu, watu wa miguu, na safu moja ya wauzaji walio nyuma ya mawe badala ya mbele yake. Wauzaji wengine watalazimika kurudi ndani, na hapo ndipo patakuwa na kelele, tunajua. Aliyeko ukingoni anauza kwanza. Abiria ananunua dirishani bila kushuka. Mama mwenye watoto sita anayeuza ndizi tano zaidi kwa siku sababu amekaa karibu na tairi, hatuwezi kumwambia tu "rudi nyuma" kama vile ni jambo dogo. Tulifikiri labda mahali pa magari kusimama pawekwe palepale kwenye mwisho wa safu, ili abiria washuke na kutembea mbele ya wauzaji wote. Mwenye wazo bora alilete.

Shefu wetu wa kijiji amesikiliza, hakukataa. Aliuliza mawe yatatoka wapi na nani atayabeba. Tulimjibu yatatoka mtoni, na wabebaji ni wale wale wanaobeba kila kitu. Wamotari wa kituo cha hapa tuliwaita pia. Walikuja watatu. Mmoja, kijana mwenye heshima, alisema wao wenyewe hawapendi kupita karibu na watoto, lakini mteja anapiga bega na kusema, "Papa, endesha, nimechelewa." Basi hata sisi abiria tujiangalie, maana mgongoni pa motari ni sisi tunaokaa.

Mama wa yule mtoto bado hajakubali. Tulikwenda kwake jioni, tukakaa, tukamweleza hesabu ya mita 13 na 14. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mawe ni mazuri lakini anataka aone kwanza kwa macho, maana ahadi za barabara amezisikia tangu utoto. Kisha akauliza mstari wa mawe utaanzia wapi. Tukamwambia mbele ya soko. "Hapana," akasema, "anzeni shuleni. Wangu anatoka saa sita na nusu."

Hivyo tutaanza shuleni. Salongo ni siku ya posho inayokuja, saa moja asubuhi, mvua isiponyesha. Kila nyumba ilete jembe au sururu, na wenye ngorofani walete. Kamba ya mita 6 imekwisha pimwa na kufungwa fundo kila baada ya mita moja, iko kwa katibu wetu. Watoto wa darasa la sita wataishika.